Jiwe la Kusagia Sahugi

King'ora cha kuingia kwa Sabato kilipolia juu ya mapaa ya mji wa Rosh Haayin, Israeli, Rumiya alikuwa ameshika kiberiti, na roho yake imetulia. Jahnuni, mkate wa Sabato wa Kiyemeni, ilikuwa juu ya bamba la umeme, chungu kimefunikwa blanketi kuukuu kama mtoto mwenye homa. Unga aliukanda mwenyewe, akausukuma mpaka ukawa mwembamba wa kupitisha mwanga, akaupaka samli, akaukunja kama mikeka midogo, akaupanga, na mayai ya kila mtu juu yake. Ungeiva polepole usiku kucha mpaka uwe na rangi ya asali. Nyanya alikwisha kuzikwaruza. Uwatu alikwisha kuupiga mpaka ukatoa povu jeupe. Na gesi, jamani, gesi aliifunga. Aliifunga, akaenda kuoga, akarudi kuitazama, akaenda kuvaa, akarudi tena, akaweka na sikio. Siku nzima alikuwa mtumwa wa ile gesi.

Akawasha mishumaa, akafunika macho kwa viganja, akasema sala yake. Alipotoa viganja usoni, aliona kitambaa cheupe chini ya dirisha, na juu ya kitambaa, pilipili zake.

Zilikuwa palepale alipozitandaza asubuhi zikauke maji, maana sahugi, ile pilipili mbichi ya kusagwa, ikiwa na maji huchacha kabla ya wiki kwisha. Kotmiri ilikuwa kando, imeanza kulegea. Kitunguu saumu kimemenywa. Iliki na pilipili manga zimo kwenye kibakuli. Na jiwe limeoshwa, limekauka, linangoja.

"Mama yangu wee," akasema Rumiya.

Mishumaa imewaka, Sabato imeingia. Kusaga ni kazi, na kazi haikuwahi kufanyika siku hiyo katika nyumba ya baba yake kule Yemeni, wala ya mumewe, wala yake. Mpaka nyota tatu zionekane kesho jioni, jiwe lile halina kazi.

Akakimbilia friji. Taa yake alikwisha kuilegeza ili isiwake siku ya Sabato, basi akaitoa chupa ya sahugi kwa kupapasa, akaisogeza karibu na mishumaa. Ilikuwa tupu. Kulikuwa na kijani kidogo tu kilichokauka pembeni, cha kupaka kidole kimoja.

"Ilikuwa imejaa," akaiambia chupa. "Jumapili nilijaza mwenyewe." Akakaa kitini. "Au sikujaza?"

Hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Pilipili zile zilikuwa kosa la siku moja tu, lakini hii chupa ilikuwa ikimfanyia hivi kila wiki.

* * *

Jumapili ile mwanawe Zekaria alikuja na mkewe Tikva, wakakaa mbele yake wakiwa na nyuso za watu waliokwisha kupatana njiani. Wao wanaishi kwenye maghorofa mapya mlimani, sakafu ya nne, na wana chumba kimoja kitupu tangu binti yao aolewe.

"Mama, hatukufukuzi kwako," alisema Zekaria.

"Utanifukuzaje kwangu?"

"Ile sufuria iliyoungua juzi," Tikva akasema taratibu. "Jirani ndiye aliyesikia harufu, mama. Siku nyingine jirani hayupo."

"Sufuria moja. Wewe hujawahi kuunguza sufuria?"

"Nimeunguza. Lakini nilijua kama naunguza." Tikva hakuwa mwanamke mbaya. Alisema hivyo huku akimpangusia Rumiya makombo mapajani. "Na sahugi? Wewe mwenyewe uliniambia unajaza chupa, na baada ya siku mbili haipo, wala hukumbuki umeila lini. Mtu mmoja hawezi kula pilipili yote ile, tumbo lingewaka moto."

Zekaria alikuwa akitazama viatu vyake.

"Huko kwenu kwa mawingu nitafanya nini?" Rumiya aliuliza. "Sabato ikiingia lifti haipandwi. Nitakaa dirishani tangu Ijumaa mpaka Jumamosi jioni kama ndege wa tunduni? Pilipili zangu nitazipanda wapi, bafuni?"

"Kuna kibaraza."

"Kibaraza!"

Basi hasira zikampanda, na Rumiya akipandwa na hasira hutoa ahadi. Alisimama akaegemea meza. "Njooni Sabato asubuhi, mkitoka kusali. Nitawapikia kama nilivyokuwa nampikia baba yenu. Kikikosekana kitu kimoja mezani kwangu, kimoja tu, nitafunga mizigo mwenyewe nije huko juu. Kisipokosekana, neno hili nisilisikie tena mpaka siku ya kuzikwa."

"Mama, si lazima tuwekeane..."

"Nimekwisha kusema."

* * *

Usiku wa Sabato alikula mchuzi wake wa mifupa peke yake, bila sahugi. Ulikuwa mchuzi mzuri, wa manjano, wenye bizari ya kutosha, lakini bila ile pilipili ulipita mdomoni kama mgeni asiyetaka kukaa.

Akalikumbuka jiwe lilipokuwa kwenye ua wa nyumba ya mawe kule Yemeni, Ijumaa kabla ya jua kupanda. Lilikuwa jiwe jeusi, bapa, lenye kibonde katikati, pamoja na mtoto wake, lile jiwe dogo la kushikwa kwa mikono miwili. Lilikuwa jiwe la Nadra. Alikuja nalo kutoka kwa baba yake alipoolewa na Yihye, na Rumiya alipokuja kuolewa baadaye na bwana huyohuyo, bado kisichana kinachoogopa giza, Nadra alimwonyesha jiwe kabla hajamwonyesha pa kulala. "Hapa ndipo penye ugomvi wetu, Bi Mdogo," alimwambia. "Tukiweza kusaga pamoja, mengine tutayaweza."

Wakaweza. Rumiya alisukuma, Nadra alitia. Pilipili, chumvi, kitunguu saumu, tena chumvi. Macho yaliwatoka machozi wote wawili, wakachekana, na Yihye akipita uani akiziba pua alikuwa akiuliza, "Nani kafa?" Kila Ijumaa aliuliza hivyohivyo, na kila Ijumaa walicheka, ingawa kichekesho chenyewe hakikuwa na chumvi.

Mungu alimpa Rumiya mtoto, Nadra hakumpa. Na ulipofika wakati wa kuondoka, Wayahudi wa kijiji chao kizima wakaenda kwa miguu mpaka Adeni kungoja ndege ya kuwaleta Israeli, watu waliambiwa waache mizigo mizito. Waliacha magodoro, waliacha masufuria ya shaba. Nadra alichukua shali yake ya harusi, akalifunga lile jiwe kama mtoto mchanga, uso umefunikwa, akalipakata. Wakapanda ndege hivyo, wake wenza wawili, kila mmoja na kichanga chake kifuani. Mhudumu aliyekuwa mlangoni alimpisha Nadra akae mbele, akamwambia kwa ishara kuwa mtoto wake ni mpole sana, halii.

Rumiya aliirudisha sahani jikoni bila kuimaliza. Alikuwa amejua tangu alipoiona chupa tupu ni mlango gani atakwenda kubisha kesho. Majirani wengine wote ni wapya, sahugi yao ni ya dukani, kwenye vikopo vya plastiki vya shekeli saba, chungu kama dawa. Palikuwa na Nadra tu. Nyumba ya tatu kutoka hapa, na miaka mingi ya kutikisiana vichwa kwenye baraza ya wanawake ya sinagogi na kupita.

* * *

"Nani?" sauti ya Nadra ikauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi wako wengi."

"Rumiya."

"Rumiya yupi? Rumiya niliyekuwa namjua aliihama dunia hii baada ya Yihye kuzikwa."

"Nadra, fungua, jua linanichoma."

"Jua la saa moja asubuhi linakuchoma? Kweli umezeeka."

Mlango ukafunguliwa. Nadra alikuwa amepungua, kitambaa cha kichwani kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Lakini kilichomshtua Rumiya ni mikono. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimepinda kila kimoja upande wake, kama tangawizi. Alikuwa akimwona kila wiki sinagogini, lakini mikono ilikuwa imefichwa ndani ya shali.

"Tazama vizuri, ushibe," akasema Nadra. "Umekuja na bakuli tupu. Nani kakutuma, wafu?"

"Nimekuja kuomba sahugi."

Nadra alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. "Ee Mola wangu, umeniweka hai kwa ajili ya siku hii! Mwenye jiwe anamwomba asiye na jiwe! Rudia, Bi Mdogo, sikio langu hili halisikii sawasawa."

"Nimekuja kuomba sahugi," akarudia Rumiya. Uso ulimwaka moto, lakini akasimama palepale. Akamweleza yote, pilipili zilizolala juu ya kitambaa, ahadi aliyotoa, chumba cha mlimani, chupa inayojimaliza. Alipofika kwenye chupa alishusha sauti. "Kichwa changu kinakwenda, Nadra. Naweka kitu, nakikuta hakipo. Siwezi kumwambia mtoto. Nitamwambiaje?"

Nadra hakucheka tena. Alikwenda kwenye friji yake, nayo ilikuwa na giza la Sabato, akapapasa, akarudi amekumbatia kichupa kati ya viganja kwa kuwa vidole havikushika. Akakisukumia mezani na kipande cha mkate. "Onja."

Rumiya alichovya. Moto ulianza kwenye ncha ya ulimi, ukapanda puani, halafu, nyuma kabisa, ikaja iliki, si iliki ya mbegu tupu bali iliyosagwa na maganda yake. Hakuna mwanamke mwingine wa mtaa ule anayesaga iliki na maganda. Wenzake wamemsema kwa jambo hilo maisha yake yote.

"Hii yangu," akasema.

"Si yako. Ni yangu, nimepewa."

"Nadra, hii ni yangu!"

"Umeisaga wewe. Huileta mwanao kila Jumapili, tangu mikono hii iliponikataa. Anaingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Namwambia, Zekaria, mama yako akijua atakung'oa masikio. Ananiambia, Mama Mkubwa, mama hajui, nachota akienda kumwagilia bustani." Nadra akavuta kiti. "Kaa, utaanguka."

Rumiya alikaa. Kwanza akataka kulia, halafu akataka kumpiga mtu, halafu kicheko kikamtoka bila ruhusa. "Mimi nalala macho wazi nikidhani kichwa changu kimekwisha!"

"Kichwa chako hakikuwahi kuwa kizuri. Hata kule Yemeni nilikuwa nakukumbusha chumvi."

Nje ndege walikuwa wakigombana kwenye mkomamanga.

"Nadra. Lile neno nililosema siku ile, tulipoondoka matangani kwa Yihye."

"Ulisema maneno mengi siku ile."

"Nililosema ulipokuja kuchukua jiwe lako."

Nadra aliitazama mikono yake mapajani. "Ulisema jiwe linakaa kwa mwenye mtoto," akasema. "Basi hukulisahau hilo. Kumbe kichwa kinafanya kazi kikitaka."

"Mdomo wangu ungepooza siku ile ingekuwa heri."

"Ungepooza ungekula nini." Akasukuma kichupa. "Chukua uende. Watoto wako watatoka kusali sasa hivi."

Rumiya alisimama na kichupa mkononi, akafika mlangoni, akasimama. "Vaa viatu."

"Vya nini?"

"Twende mezani."

"Sikualikwa."

"Unataka kualikwa na nani, mfalme? Vaa viatu, Bi Mkubwa, jahnuni inakauka."

* * *

Zekaria aliingia akiwa na Tikva nyuma yake, akasema Sabato ya amani, kisha akamwona aliyekaa kwenye kiti cha pembeni. Rangi ikambadilika.

"Mama Mkubwa," akasema. "Hatujaonana siku nyingi."

"Siku nyingi?" akauliza Nadra. "Kwani leo ni siku gani? Jumapili ilikuwa ya mwaka gani?"

Tikva alikitazama kichupa kilichokuwa katikati ya meza, akamtazama mumewe, akakitazama tena kichupa. "Hiki ni cha zeituni zetu. Nilikitafuta." Alikuwa mwepesi wa kufahamu. "Zekaria. Nilikaa hapahapa namwambia mama hakumbuki anachokula, na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema, 'Mwizi ni mimi'!"

"Walikuwa hawasemeshani," akasema Zekaria, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mvi kila mahali, akijitetea kama aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Wote wawili walinilea. Huyu ningemnyima, yule ningemwambia, ingekuwa vita. Nikaona bora nichote."

"Kaeni mle," akasema Rumiya. "Masikio nitayang'oa kesho."

Wakala. Jahnuni ilitoka imeiva vizuri, nje kahawia, ndani laini, inachambuka tabaka kwa tabaka. Mayai yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Kila mmoja alichovya kwenye nyanya, halafu sahugi kidogo, na Nadra alipovuta pumzi kwa moto wa pilipili akaziba pua akasema, "Nani kafa?" Rumiya akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitambaa. Hata Zekaria akacheka, aliyekuwa akilisikia neno lile utotoni kila Ijumaa kutoka nyuma ya mlango, katika sauti ya baba yake.

Walipomaliza, Zekaria aliisukuma sahani, akakohoa. "Mama, hakuna kilichokosekana mezani. Neno lile tumelifuta."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Nadra alikuwa akimtazama, naye alijua, lakini Nadra asingesema.

"Kilikosekana," akasema Rumiya. Aliinuka, akaondoa gazeti alilofunikia dirishani. Pilipili zilikuwa pale, zimeanza kunyauka ngozi. "Niliogopa gesi siku nzima, nikasahau hizi. Sahugi mliyokula nimeiomba. Chupa si kosa langu, lakini hili ni langu. Nilisema nitafunga mizigo, nitafunga. Nyota zikitoka, njoo."

"Mama..."

"Nimekwisha kusema, Zekaria."

Tikva alimshika mkono, naye akikaribia kulia.

* * *

Jioni ile Zekaria alikuja na gari, akaliacha mlangoni, akaingia kwa hatua nzito. Aliikuta nyumba imefagiwa. Mezani palikuwa na bunda la nguo lililofungwa kwa shuka, vinara viwili vya mishumaa, na kikapu cha pilipili, kotmiri juu yake.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Na jiwe. Libebe."

Aliliinua, akaguna, mishipa ya shingo ikamtoka. "Mbona zito hivi!"

"Kuna aliyelibeba kutoka Yemeni, tena amelipakata. Usigunegune."

Alielekea kwenye gari. Rumiya, bunda kichwani na kikapu mkononi, alilipita gari kana kwamba ni la mtu mwingine, akashika njia ya kushoto.

"Mama! Gari huku!"

"Gari ya nini, nyumba ya tatu?"

Zekaria alisimama katikati ya njia na jiwe kifuani. Kisha akamfuata mama yake.

Nadra alikuwa mlangoni, taa imewaka nyuma yake. Hakujifanya kushangaa, maana walikwisha kupatana mchana, watoto walipoondoka. Katikati ya jikoni alikuwa ametandika shali yake ya harusi sakafuni, shali iliyofifia, yenye nyuzi za fedha zilizokatika, na Zekaria akalilaza jiwe juu yake. Nadra akapiga magoti kwa shida. Akalipitisha kiganja juu, polepole, kutoka ncha hadi ncha, kama anayetazama iwapo mtoto ana homa.

"Limepungua," akasema.

"Hata sisi," akasema Rumiya.

"Bustani yangu nitakwenda kuimwagilia asubuhi," Rumiya akamwambia Zekaria. "Nyumba funga. Mama yako Mkubwa ana kichwa kinachokumbuka kila kitu, hata ugomvi wa kabla hujazaliwa. Mimi nina mikono. Tutaona."

"Gesi ulifunga?" Nadra akauliza kutoka chini.

Rumiya alifungua mdomo. Alitafuta ndani ya kichwa chake, akatafuta tena, na hakukuta kitu. "Sijui," akasema.

"Zekaria, rudi katazame."

Alikwenda, akarudi. "Imefungwa."

Hawakumsikia. Rumiya alikuwa amekwisha kukunja mikono ya gauni, amepiga magoti mbele ya jiwe, na mtoto wa jiwe yuko mikononi mwake, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Nadra alikuwa ubavuni, akisukuma pilipili kwa nyuma ya kiganja, moja, mbili, kisha kotmiri, kisha kitunguu saumu. Ukali wa pilipili ukawapanda, machozi yakawatoka wote wawili.

"Tia chumvi," akasema Nadra.

"Nimeshatia."

"Hujatia."

Rumiya akasimamisha jiwe. Akachovya kidole, akaonja, akafumba macho akasikiliza.

"Sijatia," akasema, na Nadra akamsogezea kibakuli.